Hilux ya dizeli ya kuvutia trela: anza na nozeli

Hilux Vigo ya injini ya 1KD, lita 3.0, inavuta vizuri, ila ugonjwa wake mkubwa uko kwenye nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Kabla ya kununua iliyotumika, iwashe ikiwa baridi kabisa. Ukikuta imeshapashwa, rudi kesho alfajiri. Ikitulia, fungua kifuniko cha oili. Moshi ukisukuma kwa nguvu, huenda washa (pete za kuziba) za shaba chini ya nozeli zinavuja: masizi yanashuka kwenye oili, yanaziba chujio la sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili haipandi, injini inanoki. Sampu ishushwe mbele yako, hata muuzaji akinuna.

Mkanda wa taimingi usio na rekodi ya kubadilishwa, uhesabu umekwisha.

Kisha ingia uvunguni na tochi. Pale ndoano ya trela inapofungwa, rangi mpya ya kipande kimoja tu mara nyingi huficha chesisi iliyochomelewa.