Suti ya Kaunda kwenye msumari wa fundi

Katika kibanda cha fundi wangu hapa Kibuye, Kisumu, kuna suti ya Kaunda ya rangi ya udongo iliyotundikwa msumarini tangu mwaka 2023, kola ingali imesimama na mifuko yote minne haijatiwa hata senti. Mwenyewe, mwanasiasa wa mashinani, alilipa nusu ya bei kisha akaingia mitini, kwa kuwa Novemba ya mwaka huo Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, mzaliwa wa Bungoma, alitangaza kwamba suti za Kaunda na mavazi ya kiasili hayaruhusiwi Bungeni. Mwanamume avae koti, shati lenye kola na mikono mirefu, tai, soksi na viatu.

Mimi sina ugomvi na kanuni, ila nashangaa heshima ikipimwa kwa tai, tena katika joto hili letu la ziwani. Suti ya Kaunda yenyewe si vazi la mababu, kwani imebeba jina la rais wa kwanza wa Zambia na ina undugu na suti ya Mao, kiongozi wa China. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais kuanzia 1964 hadi 1966, alijulikana kwa kofia ya shanga na usinga mkononi, na sijasikia mzee yeyote akidai kwamba vilimpunguzia hadhi.

Hata hivyo, vazi la kimapinduzi nalo huweza kuwa pingu. Rais Mobutu alipopiga marufuku suti na tai nchini Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akaleta abacost, koti lisilovaliwa na tai, jina linalotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti chini", aliyebadilishiwa nguo ni raia, si utawala. Rais Thomas Sankara naye aliwaamuru watumishi wa umma wa Burkina Faso wavae Faso dan fani, kitambaa cha kufumwa kwa mkono, na ingawa amri ni amri, ile ilikuwa na hesabu ndani yake: pamba ya nchini, iliyofumwa na wanawake wa nchini, wakalipwa wao. Hapo ndipo ninapomtofautisha na wenzake.

Nilipomuuliza fundi kama ataiuza suti ile, alipangusa vumbi mabegani pake, akasema anangoja matanga ya Desemba.

"Huko," akasema, "hakuna Spika."