Data yangu ilivuka ziwa, ikafia mlangoni Kirumba

Karibu kila niliyemwomba ushauri wa kutuma hesabu za dagaa kutoka mwaloni hadi Mwanza aliniambia ninunue dishi la satelaiti, kana kwamba ni yeye atakayelipa. Fundi mmoja akasema niongeze tu muda wa kusubiri kwenye programu yangu. Isubiri nini? Mwalo wetu uko kisiwani kaskazini mwa Ukerewe, kilima kimeziba mtandao wa simu, na boti ya magunia ya dagaa huenda Mwanza mara tatu kwa wiki, dagaa wakiwapo. TCP, yaani utaratibu wa kawaida wa kompyuta kutumiana data kwenye intaneti, inataka pande zote mbili ziwe hewani kwa wakati mmoja. Mimi nilitaka kitu kama konda wa basi: anapokea kifurushi, anakaa nacho, akifika anakabidhi.

Na kitu hicho kipo siku nyingi. Itifaki ya mafurushi ya data, yaani kanuni za kubeba data hivyo, iliandikwa katika hati ya kiufundi ya intaneti iitwayo RFC 5050 mwaka 2007. Hata kabla ya hapo, mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwavalisha pundamilia kola huko Mpala, Laikipia, Kenya, wakawa wanapokezana data kila walipokaribiana. Pundamilia wameweza, nahodha wetu atashindwaje?

Basi nikaweka Raspberry Pi tatu, vikompyuta vidogo, kila kimoja ndani ya boksi lake: dukani mwaloni, kwenye boti, na stoo ya Kirumba, Mwanza. Programu ya kubeba mafurushi ni IBR-DTN ya Chuo Kikuu cha Braunschweig, Ujerumani. Kuifunga hakuna la kusimulia. Kila boksi lilinila laki mbili na ushee, ukiacha betri ambayo shemeji anaidai hadi leo. Kazi yenyewe ilikuwa kutuma uzito wa magunia na picha ya ukurasa wa daftari.

Siku tano za kwanza nilitembea kifua mbele. Kisha kimya. Nikailaumu antena, nikanunua nyingine. Nikapanda juu ya bati la stoo saa saba mchana, nikaungua viganja. Nikamshuku nahodha kwamba anazima boksi ili kuokoa betri ya taa zake, na nusura tukosane. Magunia yalikuwa yanafika, data haifiki.

Siku ya tisa ndipo nikafungua kumbukumbu za matukio za boksi la Kirumba. Mafurushi yote yalikuwa yamefika! Boksi lilikuwa likiyapokea na kuyafuta palepale: muda umekwisha. Nilikuwa nimeyapa siku mbili za kuishi.

Nilikaa juu ya gunia nikapiga hesabu. Raspberry Pi niliyonunua haina saa yenye betri. Betri ya duka ilikuwa ikiisha saa tano usiku, jua likiiamsha saa moja asubuhi, na boksi likadhani bado ni saa tano ya jana. Saa nane zinapotea kila usiku. Siku sita, zimetimia siku mbili. Boksi la boti nalo huzimwa kila likitia nanga, saa yake imechelewa zaidi, kwa hiyo lilipokea bila kuuliza. La Kirumba ndilo pekee lililopata saa sahihi kutoka intaneti, na ndilo lililoua kila kitu. Na boti ikishakabidhi hufuta nakala yake. Tuliokolewa na daftari la karatasi, nikaingiza kurasa zote kwa mkono huku shemeji akicheka.

Dawa ilikuwa kijisaa cha DS3231 chenye betri ya duara kama sarafu, elfu kumi na kitu. Muda wa kuishi nikaupandisha hadi siku ishirini, kwa sababu kukiwa na mbalamwezi dagaa hawavuliwi na boti hukaa pwani. Hilo mtoto wa mwaloni angeniambia bure. Duka sasa halifuti kitu mpaka risiti ya Kirumba irudi na boti.

Yule fundi akaja na jipya: kila boti ipewe nakala ya kila furushi. Nilijaribu kwa boti nne zenye maboksi, kadi zake za kuhifadhi data zikajaa picha zilezile. Sasa ni nakala mbili tu, boti mbili tofauti.

Nahodha alipojua anabeba nini, akadai nauli. "Mzigo ni mzigo, kijana." Tumekubaliana achaji simu yake kwenye boksi, ila asiguse waya mwekundu. Wiki iliyopita ameugusa.