Dawa au maji?

Jana mwanangu kaniuliza, "Mama, hivi daktari anaruhusiwa kumpa mgonjwa dawa ya uongo?" Nikamjibu inategemea, nikamhimiza akaoge.

Lakini akili ilishaniruka hadi enzi zile za unesi wa utafiti, kwenye benchi nje ya wodi ya mahututi, nimekaa na mama mmoja. Mume wa yule mama alikuwa amegongwa na gari. Ametoka kupasuliwa tumbo, damu bado inavuja, anapumua kwa mashine. Sisi tulikuwa tunajaribu dawa ya kupunguza uvujaji, na dawa ya aina hiyo ikichelewa haina maana. Kwa hiyo nikamweleza haraka haraka: chupa zinafanana, nyingine zina dawa, nyingine maji ya chumvi tu, na hata daktari hajui ipi ni ipi.

Akasoma ukurasa wa kwanza wa fomu, akaurudia. Kalamu yangu alikuwa nayo yeye, anachomoa kifuniko, anakirudisha, anachomoa tena.

"Dada, yaani mume wangu mnamchezesha bahati nasibu?"

"Ndiyo, mama. Hatujui kama dawa inasaidia."

"Na hao madaktari wote humo ndani?"

"Nao hawajui."

Akasaini. Mpaka leo sina hakika kama ile ilikuwa ridhaa au uchovu. Fomu inadai mtu aamue kwa utulivu. Nani ana utulivu saa kama ile?

Bahati nasibu yenyewe naitetea. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye maambukizi makali. Kuwamiminia dripu nyingi kwa kasi ndiyo ilikuwa tiba iliyopendekezwa. Ndani ya saa 48 walikufa takriban asilimia 10.5 ya waliomiminiwa, na 7.3 ya wasiomiminiwa. Bila kuwagawa kwa bahati, tungeendelea kumimina kwa nia njema kabisa.

Yule bwana alipopata fahamu, utaratibu ulinitaka nimwombe ridhaa yake mwenyewe. Akauliza alipewa ipi. Nikamwambia sijui, siri haifunguliwi mpaka utafiti uishe.

"Na nikikataa?"

"Taarifa zako tunaacha kuzitumia. Uamuzi ni wako peke yako, si wa mtu mwingine."

Akaitazama fomu. "Sawa," akasema, "ngoja kwanza mke wangu aje, nimuulize."