Jinsi nilivyojifunza kushika sauti ya alto Lubumbashi

Nilipoingia korale ya parokia yetu hapa Katuba, maestro, mwalimu wetu wa kwaya, alinisikiliza kidogo akanielekeza upande wa alto, sauti ya chini ya wanawake. Mimi nilitamani soprano, ile ya juu. Soprano ndio wanaobeba wimbo wenyewe, ule ambao watu wanarudi nao nyumbani na kuuimba wakitwanga sombe, majani ya muhogo. Sauti ya alto hakuna anayeiimba jikoni, na ukiimbiwa peke yake huenda usijue ni wimbo gani.

Ugumu wake unajulikana na kila aliyesimama kwenye mstari huo: sikio linapenda sauti ya juu. Tukiimba kina alto peke yetu, kila kitu kinakaa mahali pake. Soprano wakiingia, unavutwa polepole, na kabla beti haijaisha mko pamoja nao. Mama mmoja wa siku nyingi katika korale akaniambia, "Mama, usishindane nao hao. Sikiliza besi."

Nilimtii, na mengi yakafunguka. Besi, sauti ya chini kabisa ya wanaume, ndiyo inayosimika wimbo. Katika nyimbo nyingi za kanisa zilizopangwa kwa sauti nne, zenye nota do, re, mi, fa, sol, la, si, mwisho wa mstari besi inatoka sol kwenda do, soprano wanashuka kutoka re hadi do au wanapanda kutoka nota ya si hadi do, na mara nyingi alto anabaki palepale kwenye sol. Wote wanasogea, yeye hasogei. Sol hiyo imo katika mwafaka wa kwanza, yaani sauti zinazoimbwa kwa pamoja, na imo pia katika wa pili, kwa hiyo ndiyo inayoiunganisha miwili. Nilipolielewa hilo, ile noti moja inayorudiwa, ambayo nilikuwa naiona ya kuchosha, ikawa sehemu ninayoingojea kwa hamu. Besi anaondoka chini yangu, soprano anatua juu yangu, na mimi nahisi wimbo unafunga.

Kusoma nota kulinichukua muda zaidi. Maestro wetu anafundisha solfeji ya Kifaransa, yaani kusoma nota kwa majina yake, nota za mistari mitano, na kwake do haihami: ni sauti ileile daima. Jirani yangu ni tenor, sauti ya juu ya wanaume, katika korale ya Wamethodisti, na wao wanasoma herufi: d, r, m, f, s, l, t, zikitengwa kwa nukta pacha na vistari vya wima vya kuonyesha mapigo. Mfumo huo ulienezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, na wamisionari wakausambaza Afrika. Humo do inahama na wimbo. Wimbo ukiwa na fa kama mzizi wake, do ya jirani yangu inakaa palipo fa ya maestro. Mwanzoni ukiwasikiliza wote wawili kichwa kinazunguka.

Nimeishia kutumia yote mawili, lakini kwa mtu asiye na kinanda nyumbani naziamini herufi. Nota za mistari zinakupa jina la sauti. Herufi zinakuonyesha uko umbali gani na mzizi wa wimbo, na hilo ndilo koo linalohitaji kujua. Kwa hiyo kila wimbo mpya nauhamishia kwenye daftari kwa herufi, alto kwa bluu na besi kwa nyekundu chini yake. Kisha naimba bila maneno, kwa kufumba mdomo. Maneno yanakuja baadaye kabisa. Maestro hurekodi kila sauti kwenye simu na kututumia, na hapo nina utaratibu wangu: sisikilizi alto. Naweka rekodi ya besi na kuimba alto juu yake mpaka itulie. Halafu tenor. Soprano naiweka mwisho, na siku ninayoweza kuimba sauti yangu huku soprano inapiga sikioni, najua wimbo umeingia. Umeme ukikatika jioni wakati wa mazoezi, daftari halina kazi tena, lakini kilichopita kwa njia hiyo hakipotei.

Nyimbo za lugha zetu zinadai sikio lingine kabisa. Katika Kiluba au Kibemba, kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana ya neno, kwa hiyo sauti zote huelekea kusogea pamoja: soprano akipanda, alto anapanda naye, mara nyingi kwenye nota ya tatu chini yake. Hapo ushauri wa kusikiliza besi hauna nguvu sana. Unamtazama soprano wa mbele yako, unapumua anapopumua, unamfuata kama kivuli. Wengine wanasema hiyo ni rahisi. Sikubaliani nao. Kufuata kwa usawa mstari mzima bila kupungua hata kidogo ni kazi, na ikitoka vizuri inanipendeza kuliko alto yoyote ya Ulaya.

Katanga yetu ina historia kubwa katika jambo hili. Missa Luba ilizaliwa Kamina, ikaimbwa mara ya kwanza mwaka 1958 na vijana na walimu wao chini ya Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Maneno ni ya Kilatini, yaleyale ya misa ya Roma, lakini muziki umetoka katika nyimbo za watu wa huku, na sehemu kubwa ilijengwa kwa kubuni papo hapo kabla haijaandikwa kwa nota. Hapa mjini kwenyewe Joseph Kiwele alifundisha muziki na kutunga misa, kabla ya kufariki mwaka 1961. Naomba vijana wa korale zetu wayajue majina haya kama wanavyowajua wapiga gitaa.

Na kuna misa ya Jumapili yenyewe, kwa utaratibu uliokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ya Kongo ilivyoitwa wakati huo. Utukufu, wimbo wa Gloria, unaimbwa kwa kucheza, na unaweza kuwa mrefu. Ibada ya toba haiji mwanzoni, inakuja baada ya mahubiri, kwa hiyo korale inatoka kwenye shangwe, inakaa, inasikiliza Neno, ndipo inaimba kuomba huruma. Sauti ya asubuhi hiyo haiwezi kuwa moja. Nilijifunza kuitunza pumzi wakati wa Utukufu, kucheza kwa miguu na kuacha mabega yatulie, ili nisifike kwenye toba nikiwa sina kitu kifuani.

Sasa tunaandaa Aleluya ya Handel kwa ajili ya Pasaka, ile ya mwaka 1741. Kuna mahali soprano wanashika noti ndefu na kupanda ngazi kwa ngazi, na sisi wengine tunawajibu kwa haraka kutoka chini. Nimeiandika yote kwa herufi, besi nyekundu chini yake kama kawaida. Wiki hii ameletwa msichana mpya, naye alitaka soprano. Nimemsimamisha kati yangu na yule mama, na daftari nimempa akanakili.