Siku moja maishani mwangu: kushusha wageni ufukweni, Bequia na Mayreau

Mimi nipo deki kwenye meli ndogo ya kitalii, zile za watu wenye pesa zao, wageni hawafiki mia mbili na sisi wafanyakazi tunakaribia idadi hiyo hiyo. Kwetu ni Likoni, Mombasa. Msimu wa huku Karibiani kwa sisi ni kama Novemba mpaka Aprili, vimbunga vikishapita, na kazi yangu hasa ni boti na ufuo, yaani namtoa mgeni melini, namfikisha mchangani, namuangalia akiwa majini, namrudisha. Watu wa nyumbani wakiona picha wanadhani nashinda nikiogelea, basi leo nawaandikia siku nzima ilivyo. Ni siku ya visiwa viwili, vyote vya nchi moja, Saint Vincent na Grenadines.

Saa 11 alfajiri

Usiku kucha tumetembea kutoka Saint Lucia. Nikiamka huku nyumbani ni saa sita mchana, tumepishana saa saba. Kabla hata ya chai napanda juu kuangalia bahari, manake siku ya ufukweni inaamuliwa saa hizi, mgeni bado amelala.

Huku upepo unatoka mashariki mwaka mzima, hakuna kusi la kuja kuugeuza kama kwetu, unachofanya ni kuongeza nguvu tu karibu na Disemba na Januari, wenyeji wanauita upepo wa Krismasi. Kwa hivyo fukwe tulivu ziko magharibi ya kisiwa, kisiwa chenyewe kinakinga upepo. Hiyo ni rahisi. Shida ni yale mawimbi marefu yanayotoka mbali, dhoruba imepiga huko kaskazini ya Atlantiki siku kadhaa nyuma, wewe hapa una mbingu safi hakuna hata upepo halafu unaona maji yanainuka polepole, yanazunguka kisiwa na kuingia mpaka ule upande uliokingwa. Mgeni haoni kitu, anaona ufuo mzuri. Mimi nachukua darubini nahesabu muda kati ya wimbi na wimbi na naangalia yanavyovunjika pale mchangani. Kepteni akisema ufuo wa leo hapana basi ni hapana, na namheshimu sana kwa hilo kwa sababu kuna watu wamelipa pesa nyingi na watanuna. Leo kasema twende.

Saa 12 na nusu

Nanga inashuka Admiralty Bay, Bequia. Tunatafuta mchanga mtupu, hatutupi nanga kwenye majani ya bahari, hayo ndiyo malisho ya kasa. Maafisa wa forodha na uhamiaji wanakamilisha makaratasi ya Port Elizabeth na tukishamalizana hapo tuko huru kushuka visiwa vingine vya nchi hii, ndio maana meli nyingi ndogo zinaanzia hapa. Mayai mawili, chai, haraka haraka.

Saa 2 asubuhi

Boti majini. Wageni wetu wengi ni watu wazima sana, magoti yameshachoka, na ile hatua moja kutoka ngazi ya meli kuingia kwenye boti ndiyo hatari kuliko zote za siku. Humshiki mgeni kiganja, kiganja kina mafuta ya kuzuia jua kitateleza, unamshika juu ya kifundo cha mkono na yeye anakushika hivyo hivyo, mwingine wetu yuko upande wa pili, mnasubiri boti ipande mpaka ilingane na ngazi, ndio unamwambia sasa. Sio kabla. Akisita mwache asite, wimbi lingine linakuja. Bosun wetu, yaani msimamizi wa sisi wa deki, ni Mfilipino mtu mzima, yeye ndiye alinifundisha kwamba ukiwa na haraka mgeni anaisikia mwilini mwako.

Gatini Port Elizabeth wanatawanyika. Wengine wanafuata Belmont Walkway, kanjia kembamba kanakopita ukingoni kabisa mwa maji, halafu wanapanda kilima kidogo na kushukia Princess Margaret Beach, imepewa jina la binti mfalme wa Uingereza aliyekuja hapa 1958. Mchanga wa rangi ya dhahabu, maji hayana fujo, miti mpaka nyuma. Ukiuliza mimi ndio ufuo bora wa kuogelea katika safari yetu nzima.

Asiyetaka kutembea namwambia achukue boti za teksi za wenyeji, na hapa niseme ninachoamini. Boti zetu zingeweza kuwapeleka mpaka pale. Lakini ufuo una wenyewe. Nimekulia karibu na fukwe za Kusini mwa Mombasa, najua mgeni akifungiwa ndani ya ukuta wa hoteli inakuwaje, anakula ndani, anakunywa ndani, na mama wa viazi karai na kijana wa madafu wanabaki kutazama tu nje ya uzio. Kwa hivyo mgeni akiniuliza huwa namwambia wazi, badilisha pesa kidogo, hapa wanatumia dola ya Karibiani Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani na imekaa hapo hapo tangu 1976 kwa hivyo hesabu haikusumbui, panda boti ya huyu baba, kunywa kitu pale ufukweni, nunua. Wengi wanafanya na wanarudi na stori kuliko tungewapa sisi.

Saa 4

Nikiwa zamu ya gati napata dakika chache. Mama mmoja sokoni anauza shelisheli la kuchoma, na hapo ndio nyumbani kunanijia kabisa, manake ni lile lile letu, wao wanalila na samaki wa kukaanga na ndio chakula chao cha taifa. Mche ulifika Saint Vincent 1793 na meli ya Kapteni Bligh kutoka Bahari ya Pasifiki, uliletwa uwe chakula rahisi cha watumwa wa mashamba ya miwa. Nilipomwambia mama huyo kwetu tunalipika kwa tui akacheka akanikatia kipande kingine. Namwita Auntie, hivyo ndivyo wanavyowaita wakubwa huku.

Saa 6 mchana

Nanga juu, mapumziko yangu mpaka saa nane na nusu. Wali, kuku, simu ya mama. Kwake ni saa moja jioni ametoka kuswali magharibi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umekula, nimekula, basi tunaongea mambo ya nyumba mpaka mtandao wa setilaiti unakatika. Halafu nalala kidogo.

Saa 8 na nusu

Mayreau. Kisiwa kidogo mno, watu wake ni mia chache tu, kijiji juu kilimani na kanisa la mawe. Ghuba yake ya Saltwhistle meli kubwa ya watu elfu tano haiwezi hata kuiota, na hii ndiyo faida ya kuwa wadogo.

Hapa hakuna gati la kutushusha, boti inapanda mchangani na mgeni anakanyaga maji mpaka magotini. Sisi tunatangulia kupanga viti, miavuli, kuluboksi, taulo, na raha yangu kubwa ni kwamba maji ya huku karibu hayaendi popote. Kwetu bamvua likiwa limepwa unatembea mpaka karibu na mwamba na maji yakijaa yanapanda zaidi ya mita tatu, ungeweka kiti cha mgeni saa nane saa kumi na moja kinaelea. Hapa kujaa na kupwa hakufiki hata mita moja. Kiti nilichoweka ndipo nitakapokikuta.

Saltwhistle ni ulimi mwembamba wa mchanga, upande mmoja maji yametulia kabisa, ukivuka hatua chache upande wa pili Atlantiki inapiga na kwa mbali unaviona visiwa vya Tobago Cays. Huo upande wa upepo ndio unaoletewa mwani wa kahawia, sagasamu, tangu 2011 unakuja kwa wingi ambao zamani haukuwepo, ukioza unanuka kama yai viza. Kwa hiyo mgeni namuelekeza, tembea uone lakini ogelea huku.

Kingine ninachokagua kabla hajashuka mtu ni mti wa manchinili. Unaota karibu na fukwe nyingi za Karibiani, una tunda dogo la kijani linavutia kama tofaa na ni sumu, utomvu wake unababua ngozi, hata mvua ikinyesha usijikinge chini yake, matone yanakuja na utomvu. Sehemu nyingi wanaupaka alama nyekundu kwenye shina. Watu wa kwetu tumezoea kukaa chini ya mti wowote pwani, huku unauliza kwanza.

Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita hapa, jicho lake lilitua Carriacou jirani hapo tu kikiwa daraja la nne. Union Island na Mayreau ziliumia vibaya, mapaa yaling'oka, miti mingi ikaanguka. Wenye vibanda vya ufuoni wakajenga tena kwa mbao walizookota. Ndio maana chakula cha ufukweni hapa nafurahi kikitoka kwao, kambakoche wa mkaani, wanavuliwa hapa hapa na kuanzia Mei mpaka mwisho wa Agosti ni marufuku kuwavua ili wazaane. Mzee anayechoma tunamwita Uncle. Mwaka huu kaweka bati jipya na nilifurahi kama langu.

Mimi jicho langu liko majini. Naangalia vichwa, sio sura, vichwa vinne pale, viwili kule, kimoja kinaenda mbali namfuata na ubao wa kuelea.

Saa 11 jioni

Jua huku linatua mapema, kama saa kumi na mbili hivi. Kila kadi ya mgeni inasomwa akipanda, na boti ya mwisho haiondoki mpaka hesabu ya waliorudi melini na hesabu ya walioshuka ufukweni zikubaliane. Halafu tunatembea mstari mmoja, tunaokota vizibo, vipande vya limau, mpaka nyuzi za taulo. Nisipoacha ufuo wa Uncle ukiwa safi sina uso wa kurudi wiki ijayo.

Saa 2 usiku

Kuosha boti kwa maji baridi, yale yasiyo ya chumvi, manake chumvi inakula injini. Kuosha miwani ya kupigia mbizi. Kujaza saa zangu za kupumzika, sheria ya MLC, ule mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, inataka zisipungue kumi ndani ya ishirini na nne, na nazijaza kama zilivyo.

Saa 3

Nasoma meseji za vijana wa nyumbani wanaotaka hii kazi. Nawajibu wote sawa: fanya kozi za usalama za STCW, yaani viwango vya kimataifa vya mafunzo ya mabaharia, pale Bandari Maritime Academy Mombasa zipo, tafuta pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari, hizo ndizo gharama zako. Wakala akikuitisha pesa ya kukupatia nafasi usimpe, MLC hiyo hiyo inakataza. Na ujue kuogelea vizuri, sio kidogo. Kesho ni Tobago Cays, bosun kashaandika ubaoni boti ya kwanza majini saa moja kamili, na upepo unaongezeka.