Mchezaji akinuna katika OOTP, usimuuze haraka

Wandugu wa Lushi (Lubumbashi) munaocheza Out of the Park Baseball (OOTP), mchezo wa kompyuta wa kuongoza timu ya besiboli, mchezaji akinuna, fungua kwanza ukurasa wake musome morali, ni kusema hali ya moyo wake. Inategemea matokeo ya timu, namna yeye mwenyewe anavyocheza, watu unaoleta na kuondoa, uelewano wa kikosi, na nafasi yake katika kikosi. Hii ya mwisho ndiyo inachoma kabisa! Anayejiona mpigaji wa kila siku, ukimkalisha benchi atanuna hata timu ikiongoza.

Hesabu: kikosi cha ligi kuu ni watu 26, warushaji 13 mwisho. Wapigaji 9 wanaanza, benchi inabaki na 4. Hao 4 wawe wazee waliozoea kungoja. Kijana anayekua mtume ligi ndogo, apige kila siku.

Angalia pia zile orodha mbili za wapigaji: moja ya kukutana na mrushaji wa mkono wa kuume, nyingine ya kukutana na wa mkono wa kushoto. Warushaji wengi hutumia mkono wa kuume, kwa hiyo uliyemwandika kwenye orodha ya mkono wa kushoto tu anacheza mara chache sana, na wewe unadhani umempa kazi. Mwandike kwenye zote mbili, hata kwa nafasi ya mpigaji maalum asiyekamata mpira uwanjani. Kisha hifadhi mchezo, umeme usikukatikie katikati.