Nilivyoilea migomba ya chupa hadi ikasimama

Muheza tunajulikana kwa machungwa, lakini shamba letu lilikuwa la migomba. Kila tulipopanda upya tulihamisha machipukizi kutoka shina la zamani, na fukusi na minyoo wa mizizi wakahamia pamoja nayo. Ndipo nikanunua miche 50 ya Kisukari, aina ya ndizi, iliyozalishwa maabara, ikiwa bado chupani kwa sababu hiyo ndiyo bei niliyoimudu.

Nikaitoa asubuhi, nikaipanda kwenye viriba, nikaimwagilia vizuri. Kufikia siku ya nne ilikuwa imelala. Ilipona 9 tu. Niliumia sana.

Mama mmoja mwenye kitalu akaniambia, "Mwanangu, hawa ni watoto njiti. Wewe umewatoa hospitali ukawaanika juani." Kweli. Chupani mche hula sukari iliyomo kwenye jeli, na hewa yake imejaa unyevu. Jani halina nta ya kutosha, na vitundu vyake vya kupumulia havijazoea kujifunga, kwa hiyo maji yote hupotea.

Mara ya pili niliosha mizizi kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, mpaka jeli yote ikatoka, kwa kuwa ikibaki huvuta ukungu. Nikachanganya mchanga wa mtoni na vumbi la makumbi, nikaupika mchanganyiko kwa mvuke kwenye nusu pipa, nikauacha upoe. Nikapinda fito, nikafunika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, chini ya kivuli cha makuti. Wiki nzima sikufunua ila kunyunyizia maji kama umande. Wiki ya pili nikawa nafunua asubuhi kwa muda wa saa moja, kesho yake kwa saa mbili, hivyo hivyo. Wiki ya tatu ikaisha nikaondoa nailoni. Katika 50 nilipoteza 6.

Baada ya hapo ni kazi ya kawaida: miezi miwili kwenye viriba vyenye samadi iliyooza, kisha shimo la sentimita 60, mita 3 kwa 3, masika yanapoanza.

Ila wenzangu, mche safi haumaanishi udongo safi. Kisukari hushikwa na ugonjwa wa mnyauko wa Panama, na vimelea vyake hukaa ardhini miaka mingi. Ndiyo maana yangu niliipeleka kwenye kipande kilichokuwa cha mihogo, mbali na shamba la zamani, na jembe la kule sivuki nalo kabla sijaliosha.

Shangazi ameshaomba machipukizi. Nimemwambia asubiri mkungu wa kwanza, kisha aje tuyang'oe pamoja.